Bango la ukoo wa tembo: magego safi, matawi yana kasoro

Bango hili la ukutani, saizi ya A1, lina mti wa ukoo wa tembo, na limetengenezwa kwa madarasa ya biolojia ya sekondari. Thamani yake iko safu ya chini, kwenye picha za magego yaliyopigwa kutoka juu. Mabango mengi huishia kuonyesha tembo mwili mzima, ilhali visukuku vingi vya tembo hutambuliwa kwa jino. Gego la tembo wa Afrika lina mistari ya enameli (tabaka gumu la jino) iliyotanuka katikati, mithili ya kashata zilizokatwa pembe-pembe; la tembo wa Asia na la mamothi, ndugu yao aliyekwisha kutoweka, lina mistari iliyobanana, inayokwenda sambamba. La mastodoni, mnyama wa kale aliyefanana na tembo, lina vilima vilivyochongoka, vya kusagia majani na matawi.

Ajabu ni kwamba mchoraji huyohuyo, huku juu kwenye mti wa ukoo, kamtundika mastodoni tawi moja na mamothi. Mastodoni hayumo kabisa katika Elephantidae, yaani familia ya tembo. Yumo Mammutidae, iliyojitenga zamani mno. Ndani ya familia yenyewe, DNA inamweka mamothi karibu na tembo wa Asia kuliko wa Afrika.

Kasoro ya pili: kwenye bango tembo wa Afrika ni mmoja tu. Tangu 2021 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira asilia, inawatathmini wawili: wa savana, Loxodonta africana, aliye hatarini, na wa misitu, Loxodonta cyclotis, aliye hatarini zaidi kutoweka. Wa misitu ana masikio ya mviringo na pembe zilizonyooka kuelekea chini. Kwa kawaida ana kucha 5 mbele na 4 nyuma. Wa savana ana 4 na 3. Kucha zenyewe huzioni, maana miguu yote imezamishwa kwenye nyasi!

Palaeoloxodon antiquus, tembo wa kale wa Ulaya, bado ameandikwa Elephas, jenasi ya tembo wa Asia. Hili linasameheka, kwani fuvu na meno viliwapeleka wataalamu huko kwa miaka mingi, mpaka DNA iliyochapishwa 2017 ilipomsogeza upande wa Loxodonta. Kisichosameheka ni kukosa skeli: tembo kibete wa Sicily, aliyefika kama mita 1 begani, kachorwa sawa na wenzake.

Ukishalinunua, andaa vibandiko vyeupe vitatu: kimoja cha kugawa tawi la Loxodonta, cha pili cha jina Palaeoloxodon, cha tatu cha kuziba mstari wa mastodoni na kuuchora upya kutoka chini ya shina. Tumia kalamu ya wino usiofutika. Wino wa ubao mweupe hautulii juu ya nailoni ya bango. Usilitundike likitazamana na dirisha, kwani linang'aa na magego hayasomeki. Pigilia vipande vya mbao juu na chini, la sivyo pembe zitajikunja kwa joto.

Kwa kidato cha tano na sita linafaa, mradi limerekebishwa. Shule ya msingi itafute lenye tembo watatu walio hai tu, miguu ikionekana.