Banda la katuni la Langoni: hamsini yako haipotei

Watu wananiuliza kila siku kama hili banda la katuni la huku Langoni, Amu (Lamu), lafaa ama ni kelele za vijana tu, nikaona niandike mara moja niwache kujibu mmoja mmoja. Lafaa, tena sana, ila si kwa sababu ya zile katuni.

Mahali penyewe ni stoo ya zamani. Ukitoka Mkunguni shuka na Usita wa Mui, pishana na punda zako, ukisikia spika inakoroma kwenye kichochoro ushafika. Kiingilio shilingi hamsini, watoto ishirini. Mbele mikeka, nyuma mabenchi, kina dada wana upande wao wenye pazia na mlango wao. Skrini ni ukuta uliopakwa chokaa upya, projekta imefungwa kwenye boriti kwa kamba ya jahazi, na picha ni safi kuliko nilivyotarajia. Sauti ndio taabu, spika moja imepasuka. Feni ni moja na imeelekezwa kwa mwenye banda, hilo sidhani kama linahitaji maelezo. Stima ikipotea wana betri ya sola inayobeba laptop na projekta, feni haibebi, kwa hivyo utatoka jasho lakini katuni utaimaliza. Dirishani kuna mama anauza viazi karai na chatini ya ukwaju, nzito, ina pilipili ya kukutoa machozi, wallahi hata wakifunga banda yule mama abaki.

Siku hizi wanaonesha The Amazing Digital Circus. Najua iko bure YouTube, na mwenye bando lake aitazame nyumbani, lakini bando la kutazama video nzima nzima na netiweki zetu hizi, hamsini ni rahisi. Kwa ambaye hajaiona: ni katuni ya Gooseworx, imetengenezwa na Glitch Productions wa Australia, episodi ya kwanza ilitoka Oktoba 2023 na imeshatazamwa zaidi ya mara milioni 300. Watu wamevaa hedseti wakajikuta ndani ya sarakasi ya kompyuta, miili imekuwa ya vikaragosi, majina yao ya zamani wamesahau, kutoka hawawezi. Anayeendesha sarakasi ni Caine, akili unde (AI), kichwa chake meno matupu na macho mawili katikati, kavaa kofia ndefu, kazi yake kuwatungia michezo kila siku wasichoke. Anayechoka kabisa akili inamruka, anageuka dude jeusi lililojaa macho, na Caine anamtupa shimoni. Pomni, yule mgeni, anayaona haya yote siku yake ya kwanza.

Sasa utamu wa banda. Episodi ikiisha hawakufukuzi. Taa zinawashwa, na mwenye nadharia yake anasimama aiseme, lakini kuna sharti moja: useme ni wapi umeona, mwenye banda anarudisha nyuma, watu wote watazame tena. Hakuna kuropoka. Nimeona mtu mzima kasimama na maneno mengi, kaambiwa haya tuoneshe, akakaa. Hili peke yake linashinda hoja za mitandaoni ambapo kila mtu ana tiyori na hakuna anayeonesha kitu.

Nilipoenda majuzi mada ilikuwa kama Caine ni muuaji. Jamaa mmoja wa jezi ya Arsenal ndio alifungua, akasema huyu ni ndugu wa AM, ile mashine ya hadithi ya Harlan Ellison ya 1967 iliyoua binadamu wote ikabakisha watano iwatese kwa miaka 109, na mtunzi wa katuni mwenyewe alishasema hadithi hiyo ilimpa wazo. Hapo yuko sawa. Lakini alipoambiwa aoneshe ni wapi Caine anafurahia mtu akiumia, alitafuta, akatafuta, tukarudishwa mpaka tukachoka, hakupata. AM anachukia watu na anasema wazi. Caine anawapigia makofi.

Halafu ikaja ile nadharia maarufu ya Habili. Kwenye zile ofisi tupu Pomni anazopita akitafuta njia kuna herufi C&A, na mashabiki wanasema ni Caine na Abel, yani Kabili na Habili, zilikuwa akili unde mbili, mmoja akamfuta mwenzake akabaki na watu peke yake. Mitandaoni wanaishia hapo, wamefurahi na herufi zao. Hapa Amu ukitaja Kabili hujaishia popote, ndio kwanza umeanza, kwa sababu kila mtu kasoma chuoni, yani madrasa, kisa chenyewe. Kijana mmoja anayesomesha madrasa akasimama akasema basi kama ni Kabili tuangalie yaliyofuata baada ya kuua. Kabili alibaki na mwili wa nduguye hajui aufanye nini, mpaka kunguru akaja akafukua ardhi akamuonesha kuzika, na ndio akajuta. Sasa nani anazika kwenye sarakasi? Si Caine. Caine anatupa shimoni akasahau. Wanaomfanyia mazishi Kaufmo, yule aliyegeuka dude jeusi, bila mwili, ni wenzake mwishoni mwa episodi ya pili, wakakaa wakamsema kwa wema. Yule kijana akaomba irudishwe. Tukaitazama tena banda zima kimya, hata wale watoto. Mmoja akadakia ati kunguru wetu wa Amu angemfunza Caine kuiba mahamri tu, watu wakacheka ikawa basi, lakini kwangu mimi hoja ile ndio ilinirudishia hamsini yangu. Haithibitishi kwamba Habili yupo, na nilimwambia hivyo. Herufi mbili ukutani zaweza kuwa kampuni yoyote. Ila inaonesha Caine anakosa nini.

Akili unde yenyewe ilipata mtu wa kuielezea vizuri, kijana anayesoma kompyuta Mombasa, yuko likizo. Akaleta kisa cha kweli cha OpenAI, watengenezaji wa akili unde, cha 2016. Walichukua gemu ya mbio za boti, CoastRunners, wakaifunza programu icheze yenyewe, na lengo waliloipa ni kukusanya pointi, wakiamini mwenye pointi nyingi ndiye atakayemaliza mbio. Ile programu ikagundua kidimbwi pembeni chenye shabaha tatu zinazojirudisha ukishazigonga, ikawa inazunguka pale pale, inagonga boti za wengine, inashika moto, inaenda kinyume na njia, mbio haimalizi kabisa, na kwa pointi ikawashinda wachezaji binadamu kwa kama asilimia 20. Unajua Waamu na mashindano ya mashua. Kulikuwa na mzee nahodha amekaa benchi la nyuma, naona alimleta mjukuu, akauliza, "Sasa huyo nahodha wenu aliambiwa afanye nini haswa?"

"Aliambiwa akusanye pointi, ami."

"Basi amefanya. Mgombezeni aliyemtuma."

Na mimi hapo ndipo nilipo. Angalia ule mlango wa kutokea wa episodi ya kwanza. Pomni anaukimbilia, anapita ofisi baada ya ofisi, milango haiishi, mwisho anatokea kwenye utupu mtupu. Caine akimtoa kule anaeleza kama mtu aliyeulizwa kwa nini hajamaliza kupaka rangi, kwamba aliona watu wanataka mlango akawatengenezea, ila hakujua aweke nini upande wa pili, akauwacha hivyo hivyo. Hakuna chuki hapo. Kaambiwa watu wafurahi, wakitaka mlango anawapa mlango, na kwamba mlango ni wa kwenda mahali hilo kwake halina pointi. Mie huyo ananiogofya kuliko AM, maana adui utamkimbia, lakini anayekuhudumia kwa moyo mmoja huku anakumaliza utamwambia nini? Episodi ya tatu anamkalisha Zooble, mmoja wa walionaswa, waongee kwa nini hapendi michezo yake, na mazungumzo yakigeuka anayeumia ni yeye Caine. Anashindwa kumsikiliza hata aliyemuita mwenyewe.

Nilidhani nimeshinda. Dada mmoja akasema kutoka nyuma ya pazia, "Na Gummigoo je, kaka? Mrudishieni." Ikarudishwa episodi ya pili. Gummigoo ni mamba wa peremende, kiumbe cha mchezo tu, lakini kajitambua, Pomni kamuonea huruma kamleta sarakasini, na Caine akamfuta palepale kama mtu anazima taa, akasema hawezi kuruhusu viumbe vya mchezo vikae na watu, asije akapoteza hesabu ya nani ni binadamu na nani si binadamu. Yule dada akasema anayeijua hofu hiyo anajua anachofanya, na anayejua anachofanya hatuwezi kumbebesha lawama aliyemtuma peke yake. Nimelifikiria mpaka nyumbani na bado sina jibu. Nahodha naye alikuwa ameshaondoka.

Sasa lawama zangu. Kubwa ni watoto. Hii katuni ina rangi za peremende na mzazi akipita mlangoni ataona ni ya chekechea, kumbe ndani ni watu kupoteza akili, na nilimuona mtoto wa kama miaka mitano kafunika uso kwa fulana Kaufmo alipotokea. Mwenye banda nilimwambia, akasema wanakuja na kaka zao. Kaka mwenyewe ana miaka tisa. Weka mchana wa watoto, onesha kitu kingine, na usiku wakatazwe. Pili, hakuna maandishi chini ya picha, na kwa ile spika asiyeshika Kiingereza vizuri anapitwa na nusu, mwenye banda anatafsiri baadhi ya sehemu kwa mdomo na anatafsiri vizuri, ila akikolea anaongeza ya kwake. Tatu, viatu. Vinawekwa mlangoni fungu moja, ukichelewa kutoka utarudi na ndara mbili za kushoto.

Nampa nne kwa tano. Akitengeneza spika na hilo la watoto nampa tano. Ijumaa baada ya Isha ndio kunakuwa na mjadala mrefu, siku nyengine ni kutazama tu na kwenda zako. Ijumaa hii wanarudia episodi ya tatu, ile ambayo Kinger, mwengine aliyenaswa, anapata akili zake gizani, na nasikia yule wa jezi ya Arsenal amejiandaa upya.