Ushauri nasaha kwa madaktari walio mafunzoni: watu wazuri, saa mbaya

Nimeitumia huduma hii miezi minne, vikao 7 kwa jumla, 2 vya ana kwa ana na vilivyobaki kwa simu. Namwandikia mwenzangu aliyeona tangazo lake limebandikwa kwenye chumba cha zamu, akawa anajiuliza kama inafaa kuitolea saa moja ya usingizi.

Mimi nilipelekwa na faili. Saa kumi alfajiri, saa ya 22 tangu nianze zamu, niliandika dozi ya mgonjwa wa kitanda cha 6 kwenye faili la kitanda cha 9. Sista alilishika lile faili, akanivuta pembeni: "Dokta, hebu soma jina." Nikasoma. Dawa ilikuwa haijatolewa, hakuna aliyedhurika. Nilichokuja kukiogopa baadaye ni kwamba sikushtuka hata kidogo. Nilikata, nikaandika upya, nikatia sahihi, nikasogea kitanda kinachofuata kama anayehesabu magunia.

Kikao cha kwanza nilipewa nijaze dodoso la Maslach la kupima uchovu wa kazi uliopitiliza, lile la mwaka 1981. Maswali 22, kila moja unalijibu kwa namba kuanzia 0 hadi 6, na linapima mambo matatu: kuishiwa nguvu, kuwaona wagonjwa kama vitu, na kuona hufanikishi kitu kazini. Mshauri aliweka karatasi chini, akaniuliza ni mgonjwa gani wa wiki ile ninayemkumbuka kwa jina. Nilikosa hata mmoja. Hapo ndipo machozi yalinitoka, na aliniacha nilie bila kunikatiza.

Akanieleza kwamba Shirika la Afya Duniani halihesabu uchovu huu wa kazi kuwa ugonjwa. Linaiweka kama jambo linalotokana na kazi. Nikamuuliza, kama chanzo ni kazi, mbona ninayekaa kwenye kiti hiki ni mimi? Hakujitetea. Aliomba kuiona ratiba yangu ya zamu. Alijua pia utafiti wa Marekani wa mwaka 2004, ambapo madaktari wa mwaka wa kwanza katika wadi za wagonjwa mahututi walifanya makosa makubwa asilimia 36 zaidi kwenye ratiba ya zamu ndefu kuliko kwenye ile iliyofupishwa. Kwa ridhaa yangu alimwandikia msimamizi wa mafunzo ombi moja tu: nikikesha, niondoke mara baada ya kukabidhi wagonjwa, nisibakizwe raundi hadi mchana. Lilichukua wiki mbili kukubaliwa. Kwa hili peke yake naipa huduma nyota 4 kati ya 5.

Nyota moja nimeibana kwa sababu ya saa. Wanafungua saa mbili asubuhi, wanafunga saa kumi na moja jioni, siku za kazi tu. Huo ndio muda wa raundi, kliniki na chumba cha upasuaji! Kikao changu cha tatu nilikifanya kwenye stoo ya mashuka, mlango nimeuegemea kwa mgongo, na mara mbili nikaitwa wadini. Anayekesha ndiye anayezidiwa, na usiku simu yao haipokelewi. Wanisamehe, lakini hili linaniuma.

Fomu ya kujiandikisha nayo inataka idara na mwaka wa mafunzo. Idara yetu tuko watatu, kwa hiyo ni kama nimeandika jina. Mshauri alinihakikishia kwamba maelezo hayaingii kwenye jalada la kazi wala hayapelekwi kwa wanaotoa leseni. Basi waliandike hilo kwenye tangazo, kwa herufi kubwa, maana hofu hiyo ndiyo inayowazuia wengi ninaowafahamu. Zile rekodi za mazoezi ya kupumua wanazotuma baada ya kikao zinaweza kumfaa mwenye nafasi; mimi sikuzihitaji.

Ukienda, omba miadi ya asubuhi unayotoka zamu, na ubebe ratiba yako ya mwezi mzima. Mshauri ataiomba.