TAHADHARI: Tapeli wa nyumba za likizo Positano, anajifanya ndugu yetu

Jamani, naandika mikono bado inatetemeka. Ile safari ya Agosti mliyoisikia kwangu tangu mwezi wa pili, ya kuchukua gari Naples, Italia, na kuipita pwani yote ya Amalfi mpaka Salerno, nimelizwa euro 1,260. Nyumba niliyokodi Positano haipo. Haijawahi kuwepo.

Ilikuwa usiku, watoto wamelala, nakunja nguo huku simu nimeiegemeza kwenye birika. Ikaingia video kutoka kwa yule tapeli. Roshani yenye vyungu viwili vya maua, kamba ya nguo, pikipiki inasikika ikipita chini, na kule mbele kuba la kanisa la Santa Maria Assunta, lile la vigae vya kijani na njano, bahari nyuma yake. Akaandika: "Dada, kuna familia nyingine inazitaka tarehe hizohizo, ila nyie mna mzazi, ningependa mpate nyie." Akapiga, nikampa mama mkwe simu. Yule kijana akamwamkia, shikamoo mama, akamuuliza miguu inaendeleaje, maana nilishamwambia tunahofia ngazi. Mama akaitikia marahaba mwanangu, akamwombea dua. Dakika kumi baadaye nikatuma hela. Yote, si arbuni, kwa sababu alisema nikimlipa nje ya tovuti yenye tangazo lake ananipunguzia ile kamisheni ya tovuti.

Mtasema nilikosa akili. Lakini huyu mtu alikuwa anajua! Alinieleza kuwa SS163, ile barabara ya pwani, ni nyembamba, likija basi mnarudi nyuma, kwa hiyo tuchukue gari dogo. Aliniambia Agosti magari yanapita kwa zamu kufuata tarakimu ya mwisho ya namba ya gari, kila siku kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, na tukiwahi asubuhi hatutasumbuliwa. Alijua maegesho Positano ni shida na ni ghali, ndiyo maana nyumba "yake" ikawa na maegesho ya bure. Nilihakiki kimoja kimoja, nikakuta ni kweli tupu. Ningemshukuje mtu ambaye hakunidanganya hata neno moja kuhusu barabara? Tena mwenzetu, anaongea Kiswahili cha nyumbani.

Tulifika saa mbili na nusu. Namba za nyumba kwenye kile kichochoro ziliishia 31. Yeye alinipa 46. Mume wangu akapanda na kushuka zile ngazi mara tatu, shati limelowa. Mama mkwe kakaa kwenye ngazi, mkoba mapajani, ananiuliza: "Yule kijana amepatwa na nini jamani? Mpigieni." Alikuwa anamhofia yeye! Mimi naangalia tiki moja ya kijivu, na picha yake imeshatoweka.

Tukaenda kulala Salerno, tukalipa upya.

Nataka huyu mtu akamatwe. Nimeshatoa taarifa kwa Carabinieri, polisi wa Italia, na kwa benki yangu. Afungwe, arudishe kila senti, na amwombe radhi yule bibi mbele ya watu. Anayeifanya shikamoo kuwa ndoano hastahili huruma ya yeyote. Ninyi mlioko Italia mnaoijua sauti yake, msimfiche eti kwa kuwa ni wa kwetu. Wangapi wengine wako njiani sasa hivi na watoto kwenye gari, wanaifuata nyumba ya hewa?

Dalili zilikuwepo. Namba ya akaunti ilianza na LT, yaani Lithuania, naye anadai benki yake ni ya Italia, ambako huanza na IT. Jina la akaunti la mtu mwingine, eti shemeji yake. Tangazo halikuwa na CIN, ile namba ambayo tangu 1 Januari 2025 kila nyumba ya likizo Italia lazima iioneshe kwenye tangazo. Na nilipomwomba anizungushe ndani kwa simu ya video, mtandao ukawa mbaya. Mara mbili.

Aliyetumiwa hiyo video ya vyungu viwili na pikipiki, anitumie namba ya akaunti aliyopewa, niipeleke polisi. Meseji zake za sauti ninazo zote.