Hela ya muvi uiweke wapi: mwongozo kwa watu wa Arusha na Moshi

Mtu akiniuliza muvi gani ya mwaka 2025 aitafute, kwanza namuuliza ataitazamia wapi. Sinners kwenye simu ni hadithi ya mapacha wawili wanaofungua klabu ya muziki kisha wanavamiwa na wanyonya damu. Ukumbini, kwangu mimi, ndiyo muvi ya mwaka. Kwa hiyo kabla hujachagua jina, chagua utalipia nini: tiketi, Netflix, flashi au benchi. Nazipanga kuanzia ile inayostahili hela yako zaidi.

1. Tiketi ya ukumbini

Kwa ukanda wetu naongelea Century Cinemax pale Aim Mall, Arusha. Ukilinganisha na flashi ni gharama, hilo sibishi. Lakini kuna muvi ukizikwepea kiingilio umezipoteza, na Sinners ya Ryan Coogler inaongoza. Ilipigwa kwa mikanda ya milimita 65, na aliyeshika kamera, Autumn Durald Arkapaw, ndiye mwanamke wa kwanza kupiga filamu ndefu kwa mikanda ya IMAX, mfumo wa picha kubwa kupita za kawaida. Ukumbi wetu si wa IMAX, ila ukubwa wa ile kazi unauona hata hivyo.

Kuna kipande kimoja nitakisimulia kwa sababu ndicho kinachouza tiketi. Ni Mississippi, 1932, usiku wa kufungua klabu. Kijana Sammie anashika gitaa, anaanza bluzi. Kamera inapita katikati ya wachezaji, na mara kando ya wale wachuma pamba anatokea mpiga gitaa la umeme, halafu DJ na santuri zake, halafu wapiga ngoma wa Afrika, wote wanacheza sakafu moja kana kwamba ndivyo ilivyokuwa siku zote. Besi inaingilia kwenye kiti kabla haijafika masikioni. Spika ya simu haina uwezo huo, na hata runinga nyingi za sebuleni hazina.

Ya pili kwangu ni One Battle After Another ya Paul Thomas Anderson, na hasa zile mbio za magari za mwisho: barabara ya vilima, gari la mbele linazama, linaibuka, linazama tena. Tumbo linakuwa kama umekaa siti ya mbele ya Coaster na dereva ana haraka. F1, ya mbio za magari, naiweka nyuma yake. Hadithi yake utaimaliza mwenyewe dakika ya kumi (mzee karudi kazini, kijana ana kiburi), lakini Brad Pitt na Damson Idris waliendesha kweli, na sehemu kubwa ilipigwa kwenye wikiendi za mashindano halisi, Silverstone ikiwemo. Lipia mlio, hadithi ni nyongeza.

Ushauri kwa mnaotoka Moshi: tazameni urefu wa muvi kabla ya kutazama bei. Avatar: Fire and Ash ina dakika 197. Ukiingia onyesho la jioni, ukitoka una kilomita 80 mbele yako na stendi imeshapoa. Chukua onyesho la mchana, au uwe na shangazi Arusha wa kukulaza. Muvi ya vichekesho, au ya watu kukaa mezani wakibishana, isikupandishe gari hata kidogo.

2. Netflix ya nyumba nzima

Hapa wengi hununua kifurushi kibaya. Kile cha simu ni cha bei ya chini kweli, ila ni cha simu au tableti tu, hukirushi kwenye runinga, na picha yake inaishia 480p, yaani si kali. Kama mko wengi nyumbani, afadhali mchange mchukue kikubwa. Malipo ni ya kadi; asiye na kadi ya benki anatengeneza ya mtandaoni kwenye M-Pesa.

Kinachouma ni bando. Picha ya kawaida hula kama GB 1 kwa saa, picha kali (HD) hufika GB 3. Frankenstein ya Guillermo del Toro inakaribia saa mbili na nusu, piga hesabu mwenyewe. Ukiwa kwenye waifai ya kazini au ya rafiki, ipakue mapema, utazame nyumbani bila bando.

Kwa watoto, KPop Demon Hunters. Jiandae kuimbiwa wiki nzima. Kwa watu wazima, Straw ya Tyler Perry. Taraji P. Henson ni mama anayelea peke yake mtoto mgonjwa, na siku moja yote yanamwangukia. Kwetu dada zangu walibishana kuhusu yule mama mpaka chai ikapoa. Muvi ya aina hiyo haihitaji ukumbi. Inahitaji watu wa kubishana nao.

3. Maktaba ya muvi

Unapeleka flashi, unajaziwa. Ni rahisi kuliko vyote, na mwenye kazi hapati hata senti, ndiyo maana nimeiweka huku chini. Kwa Bongo Movie nakataa kabisa. Hizo zitazame Sinema Zetu ya Azam, au kwenye chaneli ya YouTube ya msanii mwenyewe.

Hata ukiacha suala la haki, ubora ni bahati nasibu. Niliwahi kuuziwa muvi "mpya kabisa" kwenye maktaba moja mjini, kufika nyumbani ni ya kamera, yaani iliyorekodiwa kwa siri ukumbini: kichwa cha mtu kinapita chini ya skrini anaenda chooni, na kuna mwingine anakohoa kwenye kila kipande cha huzuni. Nikarudi, nikaambiwa subiri HD itoke.

Kama lazima uende, uliza kwanza: ya kamera au HD? Omba ifunguliwe pale pale, iruke hadi katikati. Na flashi iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4, kwa hiyo wakikwambia flashi yako mbovu, huenda si mbovu.

4. Kibanda umiza

Ni banda la mtaani lenye mabenchi, ambako mtafsiri anasimulia muvi kwa Kiswahili. Kwa picha na sauti ni ya mwisho, kwa kicheko ni ya kwanza. Tangu enzi za Lufufu, yule mtafsiri maarufu wa muvi, mtafsiri mzuri anaweza kuifanya muvi mbovu ikanyanyua watu kwenye mabenchi. Superman ya James Gunn ilifaa sana huko, kila ngumi ilipewa jina. Sinners usiipeleke: jamaa atakuongelea juu ya gitaa, na gitaa ndilo ulilolifuata. Kaa mbali na spika, na nenda na hela ndogondogo, maana chenji ya elfu kumi pale mlangoni ni ugomvi.