Kipimo cha siki au cha HPV?

Akina mama wa soko la Kiboriloni, hapa Moshi, huniuliza: tupime saratani ya mlango wa kizazi kwa siki au kwa HPV?

Tumjue adui kwanza. HPV ni kirusi kinacholeta saratani hii. Hasa aina ya 16 na 18, ina protini mbili hatari, E6 na E7. E6 huiangamiza p53. E7 huikamata Rb na ndugu zake, p107 na p130. Hao wanaoshambuliwa, p53, Rb na ndugu zake, ni protini za mwili wetu, walinzi wanaozuia seli kugawanyika ovyo.

Kwa siki, nesi anapaka, anasubiri kama dakika moja, anatazama panapogeuka peupe. Jibu unalo kabla hujashuka kitandani. Ila linategemea jicho lake, na ukishakoma hedhi uhakika unapungua sana.

Kipimo cha HPV hunasa mengi zaidi, na sampuli waweza kujichukulia mwenyewe. Kikiwa safi, unarudi baada ya miaka 5 hadi 10. Siki ni 3. Lakini kinahitaji maabara, na gharama yake ni kubwa.

Mama wa Rombo aliyekopa nauli, pima siki leo hii. Unayeweza kurudi kufuata majibu, chukua HPV. Mwenye VVU, usingoje miaka 10: rudi baada ya 3 hadi 5.