Sola ya Kupakwa Kama Rangi: Ni Safi Kweli?

Wadau, karibuni tena. Leo sina boksi la kufungua, maana hii bidhaa Kariakoo hujaiona na kesho hutaiona. Ni sola ya perovskaiti, yaani kemikali inayogeuza mwanga kuwa umeme, ile ya kampuni ya Sekisui ya Japani. Tazameni picha: si kioo, ni filamu, inapinda kama mkeka. Uzito wake ni kama sehemu moja ya kumi ya paneli ya kawaida. Kwenye Expo 2025 kule Osaka waliitandika juu ya paa la kituo cha mabasi, urefu wa mita 250 hivi.

Sola za aina hii zinasifiwa kuwa rafiki wa mazingira. Haya, tuzichokonoe.

Paneli iliyo juu ya bati lako ni silikoni. Hiyo huyeyuka kwenye nyuzi 1,414, kwa hiyo kiwanda chake kinakula umeme kwelikweli, na kule China sehemu kubwa ya umeme huo ni makaa ya mawe. Perovskaiti ni wino. Unapaka, unakausha kwa nyuzi 100 hadi 150 hivi, basi. Tanuri la mkate lina moto zaidi. Hapo naipa alama zote.

Kasheshe ni wino wenyewe. Kemikali inayotumika sana kuuyeyusha ni DMF, na Ulaya imeorodheshwa kuwa inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Maabara, kipande cha ukubwa wa ukucha, si neno. Paneli ya mita mbili ni hesabu nyingine: mapipa ya kemikali, mvuke, na mtu amesimama pale zamu nzima. Mbadala upo, DMSO, sumu yake ni ndogo zaidi. Lakini inachemka kwenye nyuzi 189, yaani inachelewa kukauka, na wino ukichelewa kukauka kwenye eneo kubwa unaacha matundu na mabaka. Mafundi rangi mnanielewa. Ndiyo maana wengine wanaupulizia upepo mkali, wengine wanauingiza kwenye chumba kinachonyonya hewa, ukauke wote kwa pamoja.

Nilichopenda zaidi ni upakaji. Maabara wino hudondoshwa juu ya kioo kinachozunguka kasi, mwingi unaruka na kupotea. Kiwandani kuna mdomo mwembamba, filamu inapita chini yake, wino unatua unapotakiwa. Sekisui walianza na upana wa sentimita 30, sasa wanaelekea mita moja.

Halafu ndani ya perovskaiti kuna risasi. Ndiyo, ile ya betri. Mita moja ya mraba ina gramu moja hivi au pungufu, wakati betri ya gari ina kilo kadhaa. Ila msiidharau, maana hii huyeyuka kwenye maji. Waulizeni wa Owino Uhuru, Mombasa, walioishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, risasi yake ikawadhuru. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Ufanisi wa hii ya Sekisui, yaani sehemu ya mwanga inayogeuka umeme, ni asilimia 15. Silikoni nzuri ya dukani inapita 20. Uimara, wenyewe wanasema miaka 10. Kwa nyumba yako, baki na silikoni. Mwenye paa lisilohimili uzito, wewe subiri kidogo.

Aliyepita Osaka akaishika kwa mkono, niandikie hapo chini: kingo zake wamezizibaje maji yasiingie?