Kozi ya kemia ya kijani ya Jumamosi hapa tao: nyota 4 kwa 5

Kama unasoma kemia digrii ya kwanza hapa Nairobi na umechoka na ile stori ya mazingira kuwekwa wiki ya mwisho ya semesta, slaidi tatu halafu mtihani, hii kozi ya kemia ya kijani, yaani kutengeneza vitu bila taka na sumu nyingi, jiandikishe tu.

Kilichonishika ni vile hawaanzi na mahubiri, wanaanza na hesabu. Tulipewa ibuprofeni, ile dawa ya maumivu inauzwa kila kemisti, tukaambiwa tuandike njia mbili za kuitengeneza, ile ya zamani ya kampuni ya Boots yenye hatua 6 na nyingine ya baadaye yenye hatua 3, halafu tupige uchumi wa atomu, yaani kwa uzito wote wa vitu umetia ndani ni kiasi gani kinaishia kwa dawa yenyewe. Ya zamani inatoka kama 40%, ya baadaye kama 77%. Sasa ukishaona ile 60% inayobaki imetoka kwa kalamu yako mwenyewe, swali linakuja lenyewe, hizo taka zinaenda wapi na ni nani anaishi huko?

Hapo ndio wanaleta kesi ya mtaa wa Owino Uhuru kule Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, madini ya risasi yakaingia mpaka kwa damu ya watoto, na 2020 mahakama ikaamuru wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Tukagawanywa, wengine wakemia wa kiwanda, wengine wakaguzi, wengine wazazi, na lazima ujibu kwa kemia, si kulalamika tu. Dada mmoja upande wa wazazi akauliza mbona udongo haukupimwa kabla watu waanze kuugua, wakemia wote wakakosa la kusema. Lekcha ya kawaida haiwezi kukufanyia hivyo, aki.

Nyota moja nimetoa kwa sababu ya labu. Zile kanuni 12 za kemia ya kijani za wanakemia Anastas na Warner za 1998 zimebandikwa ukutani, ya kwanza kabisa inasema heri kuzuia taka kuliko kuisafisha baadaye, ya tano inataka viyeyushi salama, na hapo hapo chini tunatoa kafeini kwa majani chai kwa kutumia diklorometheni, kiyeyushi chenye sumu, tena kwa mabika makubwa! Ethili asiteti, kiyeyushi salama zaidi, inafanya hiyo kazi, na hata vyombo vidogo vingetosha. Nimewaandikia, wabadilishe hiyo tafadhali.

Darasa hujaa haraka kwa hivyo fika mapema, na ubebe kikokotoo maana simu hawaruhusu.